Historia ya kilimo cha Malindi isisahauliwe

Mhariri,

Kila unapozungumziwa mradi wa umwagiliaji wa Galana-Kulalu, husemwa kana kwamba ardhi ya huku kwetu haijawahi kulisha mtu. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, mji ulipokaliwa upya, mashamba ya Malindi yalitoa mtama na ufuta uliopakiwa majahazini kupelekwa Unguja na Arabuni. Kazi yote ilikuwa ya mikono: watumwa walifyeka msitu, wakachoma vichaka, wakalima kwa jembe, na mtama ulipokomaa wakaukata kwa kisu, suke baada ya suke. Tuliseme hilo wazi, kwani utajiri ule ulijengwa juu ya dhuluma, na utumwa ulipopigwa marufuku mwaka 1907 mashamba mengi yalikuwa yamekwisha kugeuka pori.

Siku hizi sima yetu ni ya mahindi, zao lililotoka Amerika, ilhali mtama huvumilia ukame zaidi. Naiomba serikali ya Kaunti ya Kilifi igawe pia mbegu za mtama kabla ya masika, na walimu wawafundishe watoto historia hii.

Msomaji wenu,
Malindi