Tumebaki wawili lakini mkono wangu bado unapika cha watu saba

Anti habari za kazi, na wasomaji wenzangu nawasalimu nyote. Mi ni mama wa miaka 56 niko Gungu hapa Kigoma, nina shida ambayo mashoga zangu nikiwasimulia wanacheka, eti wenzio wanalia hawana chakula wewe unalia kimezidi. Haya wacheke, ila hela inayopotea ni yangu.

Iko hivi, nyumbani tulikuwa 7: mimi na mzee, watoto 3, mama mkwe na mpwa wa mzee. Ndani ya mwaka mmoja na nusu wote wameondoka, mkubwa kaolewa Uvinza, wa pili kapata kazi Mwanza, wa mwisho yuko chuo Dodoma, mama mkwe kaenda Kasulu kwa mtoto wake mwingine na mpwa kamaliza kidato cha nne karudi kwao Kibondo. Tumebaki wawili. Sasa mkono ndo umegoma, nikibandika maji ya ugali najikuta nimejaza sufuria ileile, nikisema nipunguze unga ugali unakuwa uji, naongeza unga, basi tumerudi kulekule. Na mzee halagi kiporo, na ugali wa muhogo mnaujua ukilala unavyokuwa. Kuku wa jirani wamenenepa kwa ugali wangu, na mayai sijawahi kuletewa hata moja.

Kununua ndo balaa zaidi. Sisi huku tumezoea kuweka ndani, mbalamwezi ikiwaka dagaa wanaadimika na bei inapanda, kwa hiyo giza likiwepo unawahi mwaloni Kibirizi wanakoshusha samaki unabeba za kutosha. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilivyofungwa kwa uvuvi miezi 3 kuanzia katikati ya Mei wengi walihangaika, mimi nilikuwa na dagaa wangu ndani nimetulia, na nyumba bado imejaa. Sa kile kiburi cha mwaka ule ndo kinaniponza, bado nanunua vilevile, masika haya dagaa wamepata unyevu wameota ukungu nimemwaga karibu nusu ya mfuko, nililia kweli. Maharage debe zima wadudu wametoboa, mawese dumu la lita 20 chini kule yameshaanza kuchacha, yanakwangua koo. Nikasema basi nimtumie wa Dodoma dagaa kwa basi, kanipigia mama usitume tena wenzangu chumbani wanalalamika harufu. Mtoto wa Kigoma huyo jamani!

Nimejaribu kununua kidogokidogo, ila fungu fungu ukipiga hesabu unalipa zaidi kuliko debe, na yule mama ninayenunua kwake maharage soko la Mwanga tangu watoto wadogo, siku nimeomba kilo moja kaniangalia akaniuliza dada nimekukosea nini siku hizi unanunua kwa nani. Nikaishia kubeba kilo 5 kwa aibu. Kugawana na jirani nako tulianza na gunia la mkaa, tukanuniana wiki 2 kisa vipande vikubwa viliangukia upande wangu.

Nikaona nichemshe maharage kilo 2 kwa pamoja maana robo kilo inakula mkaa uleule, nikayafunga kwenye vimfuko nikaweka friza. Mimi nayaona matamu tu ukiunga na mawese na kitunguu, mzee anasema ni maharage ya hospitali. Ila lililoharibu kabisa ni siku nimepika kwa kipimo, vikombe viwili vya unga na samaki mgebuka mmoja tumegawana, hatujanawa mikono shemeji huyo mlangoni anatoka stesheni, kashuka na treni ya Tabora, ana njaa ya safari. Nilitoka mlango wa nyuma nikakimbilia chapati kibandani. Tangu siku hiyo nikishika sufuria ndogo mzee anauliza, na mgeni akija? Na kwa hilo siwezi kumbishia sana, kwetu mtu hakaribishwi kwa simu, anakuja.

Kwa hiyo naomba mnisaidie mliobaki wawili. Kwanza unga, mnapimaje ugali wa watu wawili na unatosha bila kumwaga? Pili dagaa wakavu mnawahifadhi kwenye nini masika, ndoo ya mfuniko au wanataka hewa? Mimi mfuko wa salfeti umeshanishinda. Tatu, mnamwekea mgeni nini cha haraka kisichoharibika, ili niache kumpikia mtu ambaye hajafika? Na yule mama wa maharage jamani nimwambieje asinune, maana nimeanza kupita njia ya nyuma ya soko kama nina deni lake.

Mama wa Gungu, Kigoma