Homa ya mtoto aliyepandikizwa uboho haisubiri asubuhi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na majirani, walimu na wahudumu wa zahanati za huku Kongwa. Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma ilianza kuwapandikiza uboho, yaani ule ute wa ndani ya mifupa, watoto wenye selimundu mwaka 2023, na binti yangu ni mmoja wao. Kaka yake ndiye aliyemtolea seli shina, zile seli za uboho zinazozaa chembe zote za damu. Watu wanakuja kunipongeza kwamba mtoto amepona, nami namshukuru Mungu. Lakini kupona selimundu si kuwa na kinga kamili, na hapo ndipo tunaweza kumpoteza mtoto.

Kabla ya kupandikizwa, mtoto hupewa dawa kali zinazoufuta uboho wake ili seli mpya zipate pa kuota. Uboho ndio unaotengeneza chembe nyeupe za damu, zikiwemo neutrofili, zile za kwanza kupambana na bakteria. Kwa wiki mbili tatu hivi mtoto anabaki karibu bila hizo. Dawa hizohizo huchubua mdomo na utumbo, basi bakteria waliokuwa wakiishi tumboni bila madhara hupata upenyo wa kuingia kwenye damu. Wengine hupitia kwenye mrija wa dripu kifuani. Muuguzi wa binti yangu kila alipoushika mrija ule alisugua kwanza kizibo chake kwa spiriti, akangoja kikauke, ndipo akaunganisha dawa. Hata saa nane za usiku hakuruka hatua hiyo.

Wengi wanadhani hatari huishia wodini. Neutrofili hurudi mapema, ila seli zinazokumbuka vijidudu na kutengeneza kingamwili huchukua miezi mingi, hata mwaka na zaidi, hasa mtoto akiwa bado anameza dawa za kuzuia seli mpya zisiushambulie mwili wake. Tena mwenye selimundu mara nyingi wengu wake umeshaharibika tangu utotoni, na wengu ndio unaochuja bakteria kama wale wa nimonia. Kinga ya chanjo alizochomwa akiwa mchanga nayo hufifia, hivyo huchanjwa upya: nimonia baada ya miezi michache, pepopunda na kifaduro baadaye, na ya surua, ambayo ni chanjo yenye kirusi hai, husubiri kama miaka miwili.

Usiku mmoja kipimajoto kilisoma 38.4. Nilikimbilia zahanati, mhudumu akaandika panadol na kuniambia nirudi asubuhi tupime malaria. Simlaumu sana, maana huku homa ikitajwa kila mtu huwaza malaria. Nilimsihi apige namba iliyo kwenye kadi ya mtoto. Alipomaliza kuongea na daktari alichoma sindano ya antibaiotiki palepale, tukapakiwa kwenye gari usiku uleule.

Wahudumu wetu, kwa mtoto huyu nyuzi 38 ni dharura. Msingoje kuona usaha, kwani usaha wenyewe hutokana na hizohizo chembe nyeupe. Zikiwa chache, homa inaweza kuwa dalili pekee, na presha ikaporomoka ndani ya saa chache.

Wapo pia wanaopita mnadani na vidonge wanavyoviita vya seli shina, eti vinaongeza kinga. Seli shina ni seli hai, hazikai kwenye kopo la vidonge. Tafadhali msiwanunulie watoto wetu.

Naiomba halmashauri ihakikishe kila zahanati inawajua watoto hawa kwa majina na ina dozi ya kwanza ya antibaiotiki hata usiku. Walimu, surua au tetekuwanga ikiingia darasani, nipigieni simu kabla sijamleta mtoto. Na ndugu zangu wenye mafua, salamu zenu zimefika, njooni mkishapona.

Mama mfanyabiashara wa mahindi,
Kibaigwa, Dodoma