Mwanangu, utazame upepo kwanza

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama yako. Sisi hatujambo, isipokuwa mimi sijalala vizuri tangu Jumatano, na sababu yake bila shaka umekwisha kuikisia. Ujumbe wako ulikuwa wa mistari miwili tu: kwamba wewe na wenzako wa kazini mmelipia likizo ya pwani, na kwamba katika malipo hayo umo mchezo wa kuruka angani kwa mwavuli unaovutwa na boti, mkirukia mchangani. Tena ulimwandikia mama yako, si mimi. Naelewa kwa nini ulimchagua yeye, ingawa iliniuma kuipata habari hiyo mezani kana kwamba ni habari ya mtoto wa jirani.

Barua hii si ya kukukataza. Unakwenda kwa jasho lako mwenyewe, hukumkopa mtu, na kuogelea ulijifunza ukubwani kwa hiari yako, baada ya kazi, wakati wenzako wanapumzika. Ninajivunia hayo yote na ningependa uyasikie kutoka kwangu. Isitoshe, nikikukataza utapanda tu, kisha utanificha, na kufichwa kunanitisha kuliko mwavuli wenyewe. Neno langu ni moja, na utanisamehe nikilirudia: upepo ukiwa mbaya siku hiyo, sema "leo siruki". Useme hivyo hata kama umekwisha kuvaa mikanda, hata kama wenzako wamesimama mchangani wameinua simu wakikusubiri upae, na hata kama pesa hazirudishwi.

Tangu Jumatano nimekuwa nikisoma habari za mchezo huu kila usiku mama yako akishalala. Nimesoma kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mfaransa mmoja, Pierre-Marcel Lemoigne, alikata matundu katika kitambaa cha parachuti ili hewa ipate pa kutokea, na parachuti iliyokuwa ya kushukia tu ikaweza kuvutwa kwa kamba na kupanda bila kuyumba ovyo. Kwa hiyo kifaa chenyewe kimefikiriwa, na sikiogopi sana. Hata injini ya boti ikizima katika upepo wa wastani, mwavuli hushuka taratibu mpaka majini, nawe ukaelea kwa jaketi lako hadi wakufikie. Kinachonikosesha usingizi ni upepo unaozidi kiasi, kwa sababu hapo mwavuli hauihitaji boti tena ili kupaa. Boti inageuka kuwa nanga, na wewe unakuwa umefungwa kwenye tiara kubwa ambayo aliyeishika hana nguvu ya kuivuta chini.

Jambo ambalo sikulijua, pamoja na umri wangu huu wote, ni kwamba nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na mwendo wake. Upepo wa kilomita 15 kwa saa ukifika kilomita 30, nguvu yake juu ya kitambaa haiwi mara mbili bali mara nne. Nililisoma hilo usiku nikaona ni hesabu tu, hadi Jumamosi nilipokuwa uani nikimsaidia mama yako kuanua nguo. Nilikuwa nimeshika pembe mbili za shuka, yeye ameshika mbili nyingine, na upepo ulikuwa wa kawaida kabisa, wa kupepesa majani. Ukaja mkupuo mmoja. Shuka likatuna kama tumbo, likamponyoka mama yako, likanivuta mimi hatua mbili mbele kabla sijaliachia. Lilikuwa shuka moja la kitanda, na mimi unaujua uzito wangu. Nilibaki nimesimama pale nikikufikiria wewe, ulivyo mwepesi, chini ya kitambaa ambacho kingeweza kufunika ua wetu.

Na wepesi wako huo usiupuuze. Mtu mwepesi hupaa upesi, lakini upepo ukizidi huwa vigumu kumshusha, ndiyo maana manahodha wengine hupandisha watu wawili au watatu pamoja pale upepo unapochangamka. Wakitaka kukupandisha peke yako katika upepo wa namna hiyo, kataa.

Utaniuliza upepo mbaya ni upi. Jimbo la Florida huko Marekani, ambako mchezo huu umeenea sana, lilitunga sheria mwaka 2014 baada ya watu kupoteza maisha. Sheria hiyo inakataza kumrusha mtu pale upepo wa mfululizo unapozidi maili 20 kwa saa, yaani kama kilomita 32, au dhoruba ya radi inapokuwa umbali wa maili 7, ambazo ni kama kilomita 11, na inataja pia mvua na ukungu mzito unaozuia kuona mbali. Sidai kwamba sheria hiyo inafika kwenye ufuo mnaokwenda. Naitaja kwa sababu ni kipimo kilichowekwa na watu waliokwisha kuzika, nami nakuomba ukitumie hata kama hapo ulipo hakuna anayekulazimisha. Mwambie nahodha akuonyeshe kipima upepo chake. Akiwa hana, tazama bahari yenyewe: vichwa vyeupe vya povu vikionekana hapa na pale, upepo umeanza kuamka, vikiwa vingi kila unapotupa macho, rudi ukakae. Tena usidanganywe na jua. Upepo wa wingu la mvua huitangulia mvua yenyewe, na unaweza kukufikia ukiwa juu huku jua bado linakuwakia kichwani. Ukiona wingu jeusi limesimama kule mbali, lihesabu kana kwamba limekwisha kufika.

Jumamosi hiyo hiyo kamba ya kuanikia nguo ilikatika. Mama yako alikuwa ameniomba niibadilishe tangu kabla hujahama, nami kila mara nikasema kesho. Nilipoziokota ncha zake niliona kwamba haikukatika katikati. Ilikatika palepale kwenye fundo nililolifunga mimi, na nyuzi zake zilikuwa zimekauka na kufifia rangi kwa jua, ukizisugua kwa vidole zinaacha unga. Kwa nje, ukiitazama kutoka dirishani, ilikuwa kamba nzima.

Sikuwa nimesahau niliyoyasoma. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilichunguza ajali za mchezo huu na kutoa ripoti yake mwaka 2014, na mambo iliyoyataja ni ya aina hiyo hiyo: waendeshaji kuendelea kurusha watu katika upepo wa hatari, vifaa visivyofaa au vilivyochakaa, na kamba ya kuvutia iliyopungua nguvu. Fundo hukaba nyuzi na kuinyang'anya kamba sehemu kubwa ya nguvu yake, kisha jua, chumvi na mchanga hukamilisha kazi. Kwa sababu hiyo wanaoijua kazi yao huikata ncha ya kamba kila baada ya muda na kuifunga upya mahali pazima. Basi ukifika, shika ile ncha kwa mkono wako, itazame, umuulize mwenyewe ilikatwa lini mara ya mwisho. Aliyeikata atakumbuka. Akicheka, au akikwambia usiwe mwoga, umekwisha kujibiwa, nawe vua mikanda.

Halafu kuna habari ya ufuo. Umeandika kwamba mtarukia mchangani, na hilo nimelisoma mara nyingi kuliko neno lolote katika ujumbe wako. Zipo boti zenye jukwaa nyuma na winchi, yaani mashine ya kukunja na kukunjua kamba, ambazo humtoa mtu taratibu kutoka kwenye boti na kumrudisha hapo hapo, mbali na nchi kavu. Kurukia mchangani ni kazi nyingine. Unasimama ukitazama bahari, mwavuli umeshikwa wazi nyuma yako, boti inaondoka, kamba inakaza, unakimbia hatua chache na miguu inaachana na ardhi. Kupanda huko ni kwa dakika moja. Kurudi ndiko kwenye kazi, kwa sababu nahodha anapaswa kukuleta juu ya kipande kidogo cha mchanga kilicho wazi, mtu wa ufukoni apige filimbi au apunge bendera, nawe uvute mkanda wa upande ulioelekezwa, kwa nguvu, mpaka miguu iguse chini. Watu watatu wanapaswa kuelewana bila kukosea, na mmoja wao ni wewe ambaye hujawahi kuifanya kazi hiyo. Usiondoke chini kabla hujakariri ni mkanda upi na ni filimbi ya namna gani.

Kabla ya hapo, geuka utazame nyuma yako. Upepo ukiwa unatoka baharini kuja bara na kamba ikakatika, mwavuli hautakuangusha bali utakubeba, na kilichopo nyuma ya ufuo ndicho utakachokutana nacho: mapaa, miti, nyaya za umeme. Upepo ukiwa unatoka bara utakupeleka kwenye maji makuu, na hata ukishatua majini kitambaa kikijaa upepo kinaweza kukuburuta. Kwa hiyo waambie wakufundishe kujifungua mikanda, kisha jifungue mwenyewe mara mbili mbele yao ukiwa bado nchi kavu. Majini ukishajitoa, ogelea kuuelekea upepo, ili kitambaa na kamba zake zibaki nyuma yako. Hakikisha pia kwamba botini kuna watu wawili, mmoja wa kuendesha na mmoja wa kukutazama wewe tu. Nahodha aliye peke yake hawezi kutazama mbele na nyuma kwa pamoja.

Mtapewa karatasi ya kusaini. Isome yote, hata wenzako wakikuharakisha.

Sasa narudi kwenye lile neno langu, maana najua mambo ya kamba na mikanda utayashika upesi, wewe ni mwepesi wa kuelewa tangu zamani. Ninachohofia ni wakati ule mfupi ambapo umeona upepo si mzuri, umeona vichwa vyeupe, na bado unaona haya kurudi nyuma. Nyumbani kwetu nimesema mara nyingi kwamba anayeanza jambo hulimaliza. Nadhani neno hilo limekufaa masomoni, na limekufaa kazini. Lakini nililisema pia ile siku ya bwawani, wewe ukiwa juu ya ubao, mbele ya watu wote wale. Sina haja ya kukukumbusha. Mimi nilikuwa chini, na aliye chini hauoni urefu kama anavyouona aliye juu. Mama yako hakunisemesha siku mbili, na nilidhani amekasirika bure. Miaka mingi baadaye, ulipojifunza kuogelea kwa wakati wako, hukunialika nije nikutazame, na siku hiyo ndipo nilipoelewa hasira ya mama yako.

Basi ukiwa pale mchangani na sauti ikakujia ikisema umekwisha kuanza, maliza, ujue sauti hiyo ni yangu, na mimi mwenyewe nimeiondoa. Sitaki uisikie siku hiyo. Wenzako wakikuona umevua mikanda watasema maneno machache, kisha watakwenda kuogelea. Pesa mlizolipa utazipata tena mwezi ujao. Waambie "baba yangu amenikataza", ukitaka, ingawa sijakukataza; mzigo huo naubeba kwa moyo mweupe.

Na upepo ukiwa mzuri, panda. Nimeambiwa kwamba juu kule kelele za injini hufifia, boti huonekana ndogo na maji huonyesha rangi ambazo mtu wa chini hazioni. Ningependa unisimulie hayo, unisimulie mimi na si mama yako peke yake.

Ya hapa nyumbani si mengi. Begi kubwa lenye zipu mbovu nimelipeleka kwa fundi na liko tayari, ukipita kabla ya safari ulichukue, usinunue jingine. Mama yako anasema miwani yako ya zamani iko kwenye droo ya juu na kwamba usivae mpya ukiruka, maana itapotelea baharini. Bomba la jikoni limeacha kuvuja. Kamba ya kuanikia nimeweka mpya jana asubuhi, na safari hii nimeifunga mahali ambapo jua halipigi moja kwa moja. Mama yako aliivuta mara tatu kabla hajaanika kitu.

Nitumie siku na saa mtakayoruka, pamoja na jina la mahali, nipate kufuatilia utabiri wa hali ya hewa kuanzia usiku wake. Nitakuandikia nitakachokiona, lakini wewe uliye pale uyaamini macho yako kuliko utabiri na kuliko mimi. Saa hiyo nitakuwa karibu na simu. Ukiruka, nipigie ukishavua mikanda. Usiporuka, nipigie vilevile, wala huna haja ya kunieleza sababu.

Ni mimi,
Baba yako