Darubini ya Webb haioni nyota zote zinazozaliwa

Bwana Mhariri,

Nilifurahi kuona mmetoa ukurasa mzima kwa galaksi za mbali, katikati ya habari za kobalti na bei ya unga. Wanafunzi wangu wa sizieme waliukata na kuubandika ukutani. Lakini kuna jambo moja lililowaingia vichwani ambalo sasa nahangaika kulitoa: mwandishi wenu anasema kwamba kwa kuwa darubini ya angani ya James Webb hutumia infraredi (mwanga ambao macho hayauoni), basi inapenya vumbi lote na kutuonyesha nyota zote zinazozaliwa huko. Nusu yake ni kweli.

Nawaomba wasomaji wafanye jaribio nyumbani. Elekezeni rimoti ya televisheni kwenye kamera ya simu, mbonyeze kitufe. Kwenye simu nyingi mtaona kitaa kinawaka, ingawa macho matupu hayaoni kitu. Hiyo ni infraredi. Sasa ipueni sufuria ya bukari kwenye mbabula, muiweke gizani, muielekezee simu hiyo hiyo. Kiganja kinahisi joto, simu haioni lolote. Hiyo nayo ni infraredi. Ya rimoti ina urefu wa wimbi usiofika mikromita moja, yaani sehemu ya elfu moja ya milimita. Ya sufuria ni takriban mara nane zaidi. Kifaa kinachoona ile ya kwanza kinaweza kuwa kipofu kabisa kwa ya pili, na Webb nayo ina mpaka wake: inaishia karibu na mikromita 28.

Twende kwenye galaksi sasa. Nyota kubwa zikizaliwa hutoa mwanga mwingi wa urujuanimno (nao hauonekani kwa macho, ila mawimbi yake ni mafupi), na kwa kuwa huishi miaka milioni chache tu, mwanga huo ukipimwa unakuambia nyota zinazaliwa kwa kasi gani. Tatizo ni kwamba huzaliwa ndani ya mawingu ya gesi na vumbi. Vumbi hunywa ule urujuanimno, hupata joto (joto la huko ni nyuzi 240 hivi chini ya sifuri!) na kuutoa tena kama infraredi ya karibu mikromita 100. Mwanga huo ukisafiri miaka bilioni 10 kuja kwetu, wimbi linanyoshwa na kupanuka kwa ulimwengu, linafika likiwa na mikromita 300 hivi. Hapo Webb haigusi. Mwandishi wenu amelifanya vumbi kuwa kizuizi tu, wakati vumbi ndilo linalotoa ushahidi wenyewe. Na si ushahidi mdogo: vipimo vya setilaiti ya COBE miaka ya 1990 vilionyesha kwamba karibu nusu ya nishati ya mwanga wa nyota zote hutufikia kwa njia hiyo.

Darubini za angani zilizofanya kazi hiyo hamkuitaja hata moja. IRAS ya Marekani, Uholanzi na Uingereza ilirushwa Januari 1983, na kwa miezi kumi ilipima karibu anga lote. Spitzer ilifuata mwaka 2003. Halafu Herschel ya Ulaya, mwaka 2009, yenye kioo cha mita 3.5 na zaidi ya lita 2,000 za heli ya kimiminika ya kupoza vigunduzi (vile vipande vinavyopokea mwanga), maana chombo chenye joto hujimulika chenyewe na kufunika kile kinachotafutwa. Kazi yao haikuwa kupiga picha nzuri tu za kubandika ukutani. Spitzer na Herschel zilirudia vipande vile vile vya anga, kama kile kinachoitwa COSMOS, kikubwa mara kumi hivi kuliko mwezi mpevu, zikihesabu galaksi moja moja. Ndivyo tulivyojua kwamba miaka bilioni 10 iliyopita ulimwengu ulikuwa ukizaa nyota kwa kasi ya karibu mara kumi ya leo. Galaksi yetu, Njia Nyeupe, inazaa nyota zenye uzito wa jua moja au mawili kwa mwaka. Baadhi ya galaksi za kale zilipita jua mia kadhaa kwa mwaka.

Hesabu hizo zina utata wake, nakubali. Kwenye mawimbi marefu Herschel iliona ukungu, galaksi tatu zikaonekana moja. Tena shimo jeusi linalomeza gesi nalo hupasha vumbi joto, kwa hiyo si joto lote ni la nyota changa. Wataalamu bado wanabishana juu ya mgawo. Lakini heli ya Herschel iliisha Aprili 2013, na hakuna darubini ya angani iliyochukua nafasi yake kwa mawimbi hayo. Antena za ALMA kule Chile zinaona vumbi hilo kwa ukali sana, ila kipande kidogo kidogo.

Sisi wa Lubumbashi tuna sababu yetu ya kufuatilia. Vigunduzi vya IRAS vya mikromita 60 na 100, na vya Spitzer vya 70 na 160, vilikuwa vya fuwele za madini ya gerimani (germanium) iliyotiwa gali (gallium) kidogo. Ndiyo, gerimani, hiyo hiyo iliyomo kwenye mgodi wa Kipushi na kwenye terili yetu, ule mlima mweusi wa mabaki ya tanuru la shaba lililoanza kazi mwaka 1911. Sisemi ya kwenye setilaiti ilitoka Katanga. Nasema tu kwamba shehena za kwanza kutoka terili zilipoondoka kwenda Ubelgiji mwaka 2024, niliyoyasoma yote yalikuwa bei na mikataba, na mwanafunzi aliponiuliza kitu hicho kinafanya kazi gani, sikuwa na gazeti la kumwonyesha.

Ombi langu: mkichapisha tena picha ya galaksi, andikeni chini yake ni darubini gani iliipiga na kwa mikromita ngapi. Mseme pia kwamba zile rangi nyekundu na buluu zimewekwa na mafundi, maana swali hilo nimelijibu darasani hadi sauti imenikauka.

Mwalimu wa fizikia,
Katuba, Lubumbashi