Anayenunua kamera ya filamu aanze na lenzi

Mhariri,

Vijana wanaonijia hapa Kisumu wakitaka kununua kamera za filamu za mtumba huwa wameshachagua jina la kamera, lakini lenzi hawajaifikiria, ilhali picha hutegemea lenzi zaidi. Kwa mwenye fedha kidogo, Pentax K1000, iliyoundwa kati ya 1976 na 1997, inatosha kabisa, maana shata yake (pazia linalofunguka kuruhusu mwanga kuifikia filamu) hufanya kazi hata betri isipokuwepo. Betri ni ya kipima mwanga tu.

Kinachowaponza wengi ni mdomo wa kushikia lenzi. Canon ilipoleta mdomo wa EF mwaka wa 1987, lenzi za FD za awali hazikuingia tena kwenye kamera mpya. Nikon imedumisha mdomo wa F tangu 1959, ingawa lenzi za kabla ya 1977 ambazo hazijarekebishwa zinaweza kuharibu baadhi ya kamera zilizofuata. Kwa maoni yangu, nafuu zaidi ni lenzi za mdomo wa skrubu wa M42, zilizotumiwa na kamera za zamani za Zenit na Praktica, ambazo hata K1000 huzipokea kwa adapta.

Hata hivyo, kwetu sisi tunaoishi kando ya ziwa, adui mkubwa ni kuvu. Lenzi iliyofungiwa miaka mingi ndani ya mkoba wa ngozi (na wauzaji huusifu mkoba huo kweli kweli!) huwa imefuga unyevu. Mnunuzi afungue tundu la lenzi linalopitisha mwanga hadi mwisho, aimulike kwa nyuma kwa tochi ya simu, kisha aitazame kwa kuiinamisha. Akiona nyuzi zilizotapakaa kama utando wa buibui, aiache, kwa kuwa kuvu ikishakula utando wa kinga wa kioo, kusafisha hakutaurudisha. Sponji za kuzuia mwanga zinazonata kwenye mgongo wa kamera zisimtishe, kwani kuzibadilisha si ghali. Aiweke shata kwenye sekunde moja na kusikiliza: ikikwama katikati, fundi anahitajika, na gharama yake ipunguzwe kwenye bei.

Nawaomba pia wauzaji wanaotangaza kamera kwa picha ya mbele pekee waonyeshe lenzi ikiwa imemulikwa kwa nyuma, na wamruhusu mnunuzi kufungua mgongo wa kamera kabla ya kulipa.

Mpiga picha,
Kisumu