Uji upo, anayemlisha mtoto ndiye hayupo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako niseme neno kuhusu udumavu, yaani watoto kuwa wafupi kuliko umri wao kwa lishe duni, hapa mkoani Iringa. Kila mara jambo hili likizungumzwa tunaosemwa ni sisi akina mama, na wanaotusema mara nyingi wametoka mjini asubuhi na mchana wamesharudi.

Takwimu sibishani nazo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika kila watoto 100 wa chini ya miaka mitano hapa Iringa, kama 57 wamedumaa. Kwa nchi nzima ni 30. Wenzetu wa Njombe na Rukwa nao wako kwenye nusu. Ndiyo mikoa hiyohiyo inayoilisha nchi mahindi, kwa hiyo mtu akisikia namba hizo hesabu yake inakuwa fupi: chakula kipo, basi akina mama ni wavivu au hawana elimu. Kwenye mkutano wa kijiji chetu mgeni mmoja alisimama akatuambia tunauza mayai ili tunywe soda. Tukacheka, maana mgeni hakatizwi.

Mayai kweli nauza. Sabuni, chumvi na daftari haviji vyenyewe, na gunia la mahindi halifunguliwi bila baba watoto kujua. Kuku na mayai ndiyo mali pekee ambayo mwanamke wa huku anaweza kuigusa bila kuitisha kikao. Soda sijanunua tangu harusi ya wifi yangu.

Sasa nikueleze siku moja ya mwezi wa Desemba nyumbani kwangu. Naamka saa kumi na moja alfajiri, nawasha moto, nakoroga uji. Mtoto wangu wa mwisho, wa miaka miwili na nusu, anaamshwa akiwa bado na usingizi, anakunywa nusu kikombe, kingine anakimwagia kanga yangu. Uji unaobaki nautia kwenye chupa ya chai. Shamba letu liko mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, na mvua zikishaanza hakuna cha kesho, atakayechelewa kupanda atajua wakati wa kuvuna. Mtoto siendi naye, baridi na mvua ya Mufindi si za kumweka mtoto chini ya mti kutwa nzima. Anabaki na dada yake wa miaka tisa, shule zikiwa zimefungwa.

Siku hiyo nilirudi saa tisa alasiri na mzigo wa kuni kichwani. Nikaichukua chupa, nikaona ni nzito vilevile. Kufungua, uji umejaa mpaka juu, umeganda kama gundi ya fundi viatu. Nikamwuliza binti yangu mdogo wake amekula nini.

"Amekula, mama. Nilimpa chai na kiazi."

Chai ya rangi, kiazi kimoja cha kuchemsha, tangu saa kumi na mbili asubuhi. Nilikuwa nimeshainua mkono nimchape ndipo akaniambia kwamba chupa ilimshinda kufungua. Nilikuwa nimekikaza kifuniko kwa nguvu zangu zote ili uji usipoe. Amejaribu kwa mikono, amejaribu kwa kanga, amekwenda kwa jirani, na jirani naye yuko shamba.

Sasa Mhariri, ni elimu gani ingefungua kile kifuniko?

Maana mafundisho tunayo. Ukituamsha usiku wa manane tutakuimbia: maziwa ya mama pekee miezi sita ya kwanza, kisha uji mzito, na mtoto akishafika miezi tisa alishwe mara tatu mpaka nne kwa siku, na katikati apate kitu kidogo kama parachichi au ndizi. Nesi wa zahanati yetu anafundisha vizuri, simlaumu. Ila kulisha mara nne maana yake pawe na mtu mzima nyumbani mara nne, tena mtu mwenye subira, kwa sababu mtoto wa umri huu hali kama kuku anayedonoa. Anabembelezwa, anakataa, anakimbia, anarudi. Mtoto wa miaka tisa hana subira hiyo, yeye mwenyewe anatamani kucheza.

Na uji wenyewe una mambo yake. Ukiupika mzito, mtoto anauchoka baada ya vijiko vitatu. Ukiupika mwepesi, anaunywa wote na tumbo linajaa, lakini ndani ya kikombe kile mna vijiko viwili vitatu vya unga, kilichobaki ni maji. Tumbo la mtoto wa kilo 10 ni dogo, halizidi sana kikombe kimoja. Kwa hiyo anashiba bila kula. Wengine tukadhani dawa yake ni unga wa lishe wenye nafaka saba ndani. Nami niliununua, mpaka nesi akaniambia kurundika mahindi, mtama, ulezi, ngano na mchele pamoja ni kurudia kitu kilekile kwa majina tofauti. Nichukue nafaka moja, niongeze karanga au maharage, kisha mboga na tunda pembeni.

Hapo ndipo mama yangu mzazi alipocheka. Yeye alilea miaka ya themanini, wakati wa ile programu ya lishe iliyoanza hapa Iringa mwaka 1983, serikali ikishirikiana na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, katika vijiji 168. Anasema watoto walikuwa wanapimwa uzito hapohapo kijijini kila baada ya miezi mitatu, na matokeo yanasomwa mbele ya watu, wanaume wakiwemo. Ni aibu ya kijiji kizima mtoto akiwa kwenye rangi nyekundu ya kadi, ile ya uzito mdogo mno, si ya mama yake peke yake. Palikuwa na mahali watoto wanapewa uji wazazi wakiwa kazini. Tena walifundishwa kutumia kimea.

Kimea kila mwanamke wa huku anakijua, ila tunakijua kwa ajili ya togwa na pombe. Ulezi unalowekwa usiku kucha, unatandazwa kwenye kitambaa chenye unyevu siku mbili tatu mpaka uchipue, unaanikwa, vichipukizi vinapukuswa, unasagwa. Nilimwona mama akifanya. Alikoroga uji mzito kiasi cha mwiko kusimama, akausubiri upoe kidogo, akatia kijiko kimoja cha kimea, akakoroga. Kabla hajamaliza hadithi aliyokuwa ananisimulia, uji umelegea, unamiminika, na hakuongeza hata tone la maji. Akaurudisha motoni uchemke kidogo, basi. Mjukuu wake akanywa kikombe kizima chenye unga mara mbili ya ule wangu. Miaka yote hii nimehudhuria mafunzo ya lishe, nimepewa fulana na kofia, na kimea sijakisikia kwa mtu mwingine.

Najua wakati ule walikuwa wanatazama uzito na siku hizi kelele ni za urefu, kwa hiyo silinganishi namba. Nasema tu kwamba mkoa uliowahi kuwafundisha wengine namna ya kulea leo ndio unaoongoza kwa udumavu, na akina mama wa sasa hawajawa wajinga kuliko mama zao.

Kitu kingine. Mtoto akishachomwa chanjo ya pili ya surua akiwa na miezi 18, kliniki kwetu wengi tunaiacha. Baada ya hapo anaonekana Juni na Desemba kwenye matone ya vitamini A na dawa ya minyoo, wakimfikia, mpaka siku anapopelekwa darasa la awali akiwa na miaka mitano. Katikati hapo anakula anavyojua yeye na dada yake.

Halmashauri ziliagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Sidharau, ingawa dukani kwetu haikupi hata nusu kilo ya karanga. Lakini kitongoji chetu kina watoto kama 40 wa umri huo. Zikija 40,000 zikawa mkononi mwetu, si kwenye semina wala posho ya kutufundisha tena makundi ya chakula, zinanunua sufuria kubwa na vikombe. Mahindi, maharage na karanga tutachanga wenyewe tukivuna, kama tunavyochangia chakula cha shule. Kisha kuanzia mvua za kwanza mpaka palizi iishe, akina mama wawili wabaki kitongojini kwa zamu wakiwapikia watoto wote na kuwalisha, na shamba la aliyebaki lilimwe na wenzake. Kazi za kusaidiana mashambani tumezizoea, hatuhitaji mtaalamu wa kutufundisha. Tunachohitaji ni serikali ya kijiji kuliandika jambo hili kwenye mihtasari yake, ili baba watoto asiseme mkewe amekwenda kupiga soga wakati jembe linamsubiri. Na hiyo siku ya afya na lishe ya kijiji isipangwe asubuhi ya wiki ya kupanda, halafu tukahesabiwa kuwa hatukuitikia.

Msimu mwingine unakaribia. Mimi chupa yangu sasa siikazi. Uji unapoa kabla ya saa nne, lakini unafunguka.

Mama wa watoto wanne,
Mufindi, Iringa.