Risala ya madereva wa matenka wa Malaba kwa Mgeni Rasmi: meli zikisumbuka baharini, Uganda inaumia

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa wilaya ya Tororo, wenyeviti wa mabaraza ya mitaa (LC), maafande wetu, wazee, kina mama wa soko, madereva na matanboi, yaani wasaidizi wetu wa kwenye lori, wote mliofika, hamjambo na karibuni sana Malaba, hapa mpakani na Kenya.

Kwanza tunamshukuru Mungu, manake kwenye kazi hii ya kubeba petroli watu kufika mwisho wa mwaka wakiwa wazima si jambo dogo. Pili tunakushukuru wewe Mheshimiwa kwa kuacha kazi zako Kampala ukaja kukaa na sisi. Kikundi chetu kilianza kama cha kuchangiana tu mtu akifiwa au akipata ajali, sasa kina akiba na watoto wamelipiwa karo, hayo yote yako kwenye ripoti ya mweka hazina na nakala yako ipo mezani.

Leo tumekubaliana tuseme jambo ambalo watu wengi hawategemei kulisikia kwa dereva wa lori. Tunataka kuongea juu ya meli za mafuta.

Mheshimiwa, sisi tunapakia Eldoret na Kisumu. Mafuta yanafika hapo kwa bomba kutoka Mombasa, na Mombasa yanafika kwa meli, basi. Hakuna lita inayovuka daraja la Malaba ambayo haikukaa kwanza kwenye tumbo la meli. Sasa mtu akikuambia Uganda haina bahari kwa hiyo mambo ya bahari hayatuhusu, mlete hapa siku ambayo depo imekauka, aone matenka yamepangana na watu wanalala chini ya trela wakingoja simu. Sisi ndo wa kwanza kujua kwamba kuna kitu kimeharibika huko mbali, mkulima wa Mbale na mtu wa bodaboda wa Lira wanajua baadaye wakienda kununua.

Mwaka 2008 baada ya uchaguzi wa Kenya barabara ilifungwa na Uganda ikakaa bila mafuta. Januari 2022 foleni ya kupima Covid hapa Malaba na Busia ilifanya bei kupanda mara mbili sehemu nyingine za nchi. Hizo mbili kila mtu anazikumbuka kwa sababu tatizo lilikuwa barabarani, lilionekana kwa macho. Tatizo la baharini halionekani, bei inapanda tu na watu wanamlaumu mwenye sheli.

Chukua mambo ya Bahari Nyekundu. Tangu Novemba 2023 wapiganaji wa Kihuthi wa Yemen walianza kushambulia meli kwa droni na makombora pale Bab el-Mandeb, mlango wa kusini wa bahari hiyo. Agosti 2024 waliipiga meli ya mafuta ya Kigiriki inaitwa Sounion, ilikuwa na tani kama 150,000 za mafuta ghafi, mabaharia wakaokolewa na meli ikabaki inaungua yenyewe katikati ya maji kwa wiki kadhaa mpaka ilipovutwa. Kampuni nyingi zikaamua kuzunguka Afrika nzima kupitia Rasi ya Tumaini Jema, hapo unaongeza kama siku kumi au wiki mbili za safari, mafuta ya kuendeshea meli, mshahara wa watu, kila kitu. Sasa mtu atauliza, si mafuta yetu yanatoka Ghuba ya Uajemi kuja Mombasa moja kwa moja, hayapiti Bahari Nyekundu? Ni kweli hayapiti. Lakini meli ni zile zile Mheshimiwa, meli iliyokuwa inamaliza safari kwa wiki tatu ikianza kutumia wiki tano ni kama imetoweka sokoni, zinazobaki zinagombaniwa na kukodi kunapanda hata kwa yule ambaye njia yake haina vita. Na bima ya hatari za vita inapanda pamoja nayo. Hilo ndo watu wetu wengi hawalijui na tungependa lijulikane mpaka Bungeni.

Na hiyo Ghuba yenyewe mlango wake ni mmoja, Mlango wa Hormuz. Mwaka 2024 hapo yalipita kama mapipa milioni 20 kwa siku, karibu moja ya tano ya mafuta yote yaliyotumika duniani. Kukiwa na kelele pale, Malaba tunasikia. Maharamia wa Kisomali nao wengine wamewasahau. Novemba 2008 waliiteka Sirius Star, meli ya Saudia iliyobeba mapipa milioni 2, na hiyo haikuwa Somalia kabisa, ilikuwa kusini-mashariki ya Mombasa, mbali ndani ya bahari. Iliachiwa Januari 2009 baada ya kulipwa pesa.

Kitu kingine ni hizi meli zinazoitwa meli za kivuli. Baada ya Desemba 2022 nchi za Magharibi zilipoweka kikomo cha bei cha dola 60 kwa pipa la mafuta ya Urusi, meli nyingi kuukuu ambazo zilitakiwa kwenda kukatwa vyuma zikanunuliwa na watu wasiojulikana, zinabadilisha jina, zinabadilisha bendera, zinazima mtambo wa kuonyesha ziko wapi, bima yake hakuna anayeijua. Mei 2023 moja inaitwa Pablo, iliyojengwa 1997, ililipuka karibu na Malaysia. Haikuwa na mzigo. Mabaharia watatu hawakuonekana tena.

Hapo kwenye kutokuwa na mzigo tunaomba utusikilize vizuri Mheshimiwa, kwa sababu hii ndo kazi yetu. Mtu wa kawaida anaogopa tenka lililojaa. Sisi tunaogopa lililotoka kushusha. Ukifungua kifuniko cha juu baada ya kushusha petroli unaona hewa inacheza kama joto juu ya lami, ndani hakuna kitu cha kuuza lakini mvuke umejaa na oksijeni imeingia, cheche moja tu ya simu au chuma kwa chuma inatosha. Kwenye meli kubwa sheria inataka kuwe na mtambo unaosukuma gesi isiyowaka ndani ya matangi, mara nyingi ni moshi wa boila uliosafishwa na kupozwa, ili oksijeni isizidi asilimia 8, na hapo hata cheche ikitokea moto haushiki. Meli kuukuu isiyokaguliwa mtambo huo ukifa nani anajua? Sisi kwenye malori hatuna kabisa huo mtambo, tuna sili, tuna waya wa kutolea umeme ardhini tukipakia, na tuna akili ya dereva. Oktoba 2024 pale Kigogwa barabara ya Bombo tenka lilianguka, watu wakaja na madumu, likalipuka na zaidi ya watu kumi wakafa. Tunawaombea mpaka leo.

Mabaharia nao ni ndugu zetu japo hatujawahi kuonana nao. Wakati wa Covid watu kama 400,000 walikwama kwenye meli duniani, mkataba umeisha na hakuna nchi inayowaruhusu kushuka, wengine walipitisha mwaka mzima. Sisi tulikaa foleni hapa tukiitwa wabeba ugonjwa, tukinyimwa hata maji ya kuoga na watu tunaowaletea mafuta, kwa hiyo tukisikia habari zao tunaelewa. Kijana wa leo anaona hayo pamoja na makombora halafu anachagua kazi nyingine, na meli za kubeba mafuta zinahitaji watu waliosoma miaka mingi, huwezi kumtoa mtu barabarani ukampa.

Halafu kuna mambo ya hewa na mazingira. Tangu Januari 2020 shirika la bahari la Umoja wa Mataifa, IMO, lilishusha salfa kwenye mafuta ya meli kutoka asilimia 3.5 mpaka 0.5, na mwaka 2023 nchi zikakubaliana meli zifikie sifuri ya hewa chafu karibu na mwaka 2050. Mpango wa kuzitoza meli zinazochafua ulitakiwa upitishwe London Oktoba 2025, wakaahirisha kwa mwaka mmoja. Sasa mwenye meli anayetaka kuagiza mpya leo, ya kukaa miaka ishirini na zaidi, hajui aweke injini ya nini, ya gesi, ya methanoli, ya amonia, basi anangoja, na akingoja zile za zamani zinaendelea kuzeeka na mzigo.

Mheshimiwa, kwa nini tunakuletea haya wewe? Kwa sababu Uganda sasa imeingia yenyewe kwenye biashara ya meli, hata kama hatukupiga tarumbeta. Tangu Julai 2024 UNOC, kampuni ya mafuta ya taifa, ndiyo inaleta mafuta ya nchi kupitia Vitol, kampuni kubwa ya biashara ya mafuta, zamani tulikuwa tunapitia kampuni za Kenya. Hilo tunaliunga mkono, lakini maana yake bei ya kukodi meli ikipanda hakuna jirani wa kumlaumu tena. Na upande wa pili kuna bomba letu la kupeleka mafuta ghafi yetu baharini, EACOP, kilomita 1,443 kutoka Hoima mpaka Chongoleani karibu na Tanga, Tanzania, UNOC ina asilimia 15 humo. Mafuta yetu yana nta, yakipoa yanaganda, ndo sababu bomba linapashwa joto njia nzima, na meli itakayokuja kuyachukua Tanga lazima nayo iwe na mabomba ya kupasha joto ndani ya matangi. Si kila meli inayo. Nani upande wetu anaijua meli hiyo, anajua kuikagua, anajua kukataa kuukuu ikiletwa? Tukiuza mafuta ya Bunyoro kwa meli ya kivuli halafu ikapasuka pale Tanga, wavuvi wa Tanga watatuuliza sisi.

Kwa hiyo tunaomba. Vijana wanaosoma kwenye chuo cha mafuta cha Kigumba wapewe nafasi za kwenda vyuo vya bahari Dar es Salaam na Mombasa, si kumi tu wa kupiga nao picha, wawe wengi, na watoto wa madereva wafikiriwe. Matangi ya akiba ya Jinja yana uwezo wa lita milioni 30, nchi inatumia mamilioni ya lita kila siku kwa hiyo hata yakijaa ni ya siku chache, tunaomba yajazwe na mengine yajengwe, huku mashariki ardhi ipo. Njia ya ziwa kutoka Kisumu kuja Bugiri-Bukasa hatuipingi, ingawa kuna wenzetu wanaogopa itatunyang'anya kazi, meli moja ya lita milioni 4.5 ni mzigo wa malori zaidi ya 100. Ila ziwa tunalinywa. Baada ya Exxon Valdez kumwaga tani kama 37,000 kule Alaska mwaka 1989 dunia ililazimisha meli mpya za mafuta ziwe na kuta mbili, tunaomba meli yoyote ya mafuta Nalubaale, yaani Ziwa Victoria, ishikiliwe kwa sheria hiyo hiyo, na maboya ya kuzuia mafuta yaliyomwagika yawe tayari Ggaba na Entebbe kabla ya ajali, pamoja na watu waliofundishwa kuyatumia.

Na kwa upande wetu wa barabara tunaomba mafunzo ya zimamoto kwa matanboi, hata mara moja kwa mwaka, hapa hapa Malaba. Uwanja tunao na chakula tutapika wenyewe.

Wenzetu walioko Eldoret leo wanapakia hawakuweza kufika, wametuma salamu kwako na wamesaini risala hii kabla ya kuondoka. Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya madereva na matanboi wa matenka, Malaba